Madaftari Mawili Darajani

Upande huu wa Nyamwamba ni sisi,
mabati yetu yana kutu tangu enzi za shaba ya Kilembe.
Upande ule ni wao,
na spika walizoleta kutoka Kampala
hawajazitoa hata nailoni.

Kila Ijumaa jioni ngoma yao ilivuka mto bila daraja.
Nilijifariji: ngoma ivumayo haidumu.
Ikadumu.
Basi nikakopa, tukanunua spika kubwa kuliko zao.
Wakashona fulana za manjano, tukashona nyekundu.
Wakagawa chai, tukagawa roleksi za mayai mawili,
na kijana aliyekuja na wenzake watano
alipata ya mayai matatu.

Nilisimama mlangoni, mgongo kwa madhabahu,
nikihesabu vichwa vyangu,
kisha, kwa kukisia, katikati ya mikaratusi,
vichwa vya Baluku.
Mwisho wa mwezi fomu ya dayosisi iliuliza "Idadi" tu,
nami nilijua kujibu.

Mama yake Thembo alikuja Jumanne, mvua ikinyesha.
Mkononi fulana mbili, nyekundu na ya manjano,
zimefuliwa, zimepigwa pasi,
zimekunjwa kama nguo za marehemu.
"Mwalimu Kabugho, hii ni yenu, hii ni ya ng'ambo.
Mwanangu mmempeleka wapi?
Leo wiki ya tatu."

Nikafungua daftari.
Thembo. Ijumaa ya kwanza, alama. Ya pili, alama. Ya tatu, alama.
Mwandiko wangu. Kalamu yangu ya bluu.
Mkono uliozoea kujaza safu
haungoji mtu aje.

Nilimkuta Baluku katikati ya daraja,
naye ana daftari kwapani, limeloa.
Hatukusalimiana.
Tuliyafungua juu ya ukingo, ukurasa kwa ukurasa,
kama watu wawili waliouziwa kiwanja kimoja.
Majina kumi na tisa yalikuwa kwake na kwangu.
Thembo alikuwepo kote kuwili, Ijumaa zote tatu:
amehesabiwa mara sita,
hakutembelewa hata mara moja.

Baluku alicheka, kicheko kikamkwama.
"Nilidhani yuko kwenu," alisema.
Nilidhani yuko kwenu.

Tulimpata Katwe, ndani ya ziwa la chumvi,
maji kiunoni, aking'oa mawe ya chumvi kwa nondo.
Miguu yake ilikuwa imechanika kama udongo wa kiangazi.
Hakukimbia. Hakufurahi pia.
"Mama ana deni la hospitali," alisema,
"na niliwaambia. Nyote wawili.
Wewe uliniuliza nitaleta wenzangu wangapi.
Na yeye pia."

Kwa Wakonzo, Thembo ni jina la mvulana wa tano.
Kumbe mama yake naye anahesabu,
ila yeye alihesabu kwa uchungu, mmoja mmoja,
na akimkosa wa tano
hesabu yake haifungi.

Hakurudi nasi siku ile.
Tulimwachia dawa ya vidonda, fedha kidogo,
na fulana zote mbili.
Akavaa ya manjano ndani, nyekundu juu.
"Usiku mbu ni wengi," alisema, basi.
Na moyo wangu, Mungu anisamehe,
ukaona kwamba iliyo juu ni yetu.

Jumapili hii Baluku ndiye anayekwenda Katwe,
ijayo ni zamu yangu.
Leo Ijumaa ngoma ya ng'ambo imeanza tena.
Vidole vyangu vinajikunja vyenyewe, kimoja, cha pili.
Nimevikalia.
Fomu ya dayosisi iko mezani.
Penye "Idadi" nimeandika: Thembo. Miguu inapona.
Watanirudishia, najua.
Safu ile ni nyembamba,
maneno yamemwagika hadi pembeni mwa karatasi.