Kikohozi cha Juni

Saa kumi alfajiri, Uyole, kalamu imegoma.
Naitia kwapani kama kipimajoto,
nangoja wino ukumbuke kazi yake.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi juu ya soksi,
nusu ya blanketi begani kwangu,
nusu anayo Ambakisye, anayeuliza macho kafumba:
"Wameshabusiana hao, tulale?"

Bado. Wamefika mlangoni tu.
Riwaya ya tisa hii, na kila mara
mlango ndio unaonishinda.

Mhariri hupiga simu kutoka Dar.
"Dada Subilaga, tia bahari kidogo.
Mchanga, mwezi, upepo mwanana.
Wasomaji wanataka joto."
Namwambia joto ninalo:
jiko la mkaa, watu wawili wamelizunguka,
viganja wamevinyoosha, na hakuna anayethubutu
kuwa wa kwanza kugusa cha mwenzake.
Anacheka. Anadhani natania.
Upepo wetu hauujui huo umwanana,
hushuka Uporoto na wembe mkononi,
na mtu akikuvulia koti huku
ameshasema. Mwezi wa nini?

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Walikuwa watu wa nchi ya joto.
Huku ikifika Juni sote tunakohoa,
mwalimu, mchunga ng'ombe, kwaya nzima ya sauti ya tatu.
Nani atajua cha nani ni cha mafua
na cha nani ni cha Tumpe?

Tumpe huleta viazi sokoni Jumanne na Ijumaa.
Mimi nashika daftari la mizani, ndiyo kazi inayonilisha;
vitabu hunilipia mishumaa.
Gunia, uzito, jina, sahihi.
Na pembeni, kwa penseli, vitu vya wizi:
jinsi mtu alivyosema "haya basi" mara tatu
na miguu ikabaki palepale.

Gwakisa hushona magunia.
Ya wengine kwa katani, hatua ndefu,
vuta, funga, piga teke, lete jingine.
Lumbesa, si lumbesa, kwake ni mdomo wa kuzibwa.
Ila gunia la Tumpe hulisogeza liwe la mwisho,
kisha hutoa mfukoni uzi wa bluu.
Mishono midogo, midogo, kama anadarizi foronya.
Nimehesabu. Gunia la mwingine, mishono kumi na mmoja.
La Tumpe, arobaini na mitatu.
Na muda wote huo Tumpe kashika mdomo wa gunia
wanaongelea bei ya mbolea.

Nikaiba. Nani asingeiba?
Nikambadili jina, nikampa vishimo vya mashavuni
("Mbona wanaume wako wote wana vishimo?
Mimi sina," akasema Ambakisye),
nikamwongeza urefu, nikamwachia sindano.
Kitabuni alitamka. Ukurasa wa mia na kumi na mbili
alitamka yote, hata mimi nikaona haya.

Kitabu kikafika saluni kwa Mama Lugano,
kikasomwa kwa sauti, kichwa hadi kichwa,
kurasa zikanuka mafuta ya nywele.
Ijumaa Tumpe akanisimamia mezani.
"Mwandishi, yule mwanamume wako anaongea mno.
Mtu mwenye mishono ile,
anaongea nini tena?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wino shavuni.

Akaenda kulishika gunia lake.
Gwakisa akapapasa mfuko huu, mfuko ule,
uzi umekwisha.
Tumpe akafungua pindo la kitenge,
pale wengine wanapofunga pesa,
akatoa kidonge cha uzi wa bluu, kipya,
karatasi ya dukani bado imekigandia.
Gwakisa akakohoa.
Tumpe naye.

Nikaandika: gunia moja, kilo mia na ishirini.

Saa kumi alfajiri. Kalamu kwapani.
Wale wawili wangali mlangoni,
nimewanyang'anya sentensi zote nilizowapa jana.
Ambakisye anageukia ukutani,
anaacha blanketi lote liteleze upande wangu
na kujitia kukoroma.