Futi Yangu na Visogo vya Isevya

Futi yangu ilizoea viuno.
Miaka kumi na saba, barazani Isevya,
imezunguka vifua vya wanakwaya, nyonga za maharusi,
na tumbo la mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila Idi
hunisihi niandike pungufu.
Kichwa haikuwahi kupima.

Hadi Mihayo, mtoto wa marehemu dada,
aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Guangzhou.
Nyuma yake mtu alikuwa akitaja bei
kwa lugha ya kupanda na kushuka, kama yuko ngazini.
"Mama mdogo, niko ghala la helmeti, ghorofa tatu.
Usinitumie majina ya watu. Nitumie vichwa."

Wakaja, kijiwe kizima,
makoti wameyavaa mbele nyuma, zipu mgongoni,
vumbi la Ipuli kwenye kope.
Kidole kimoja juu ya nyusi, nikapitisha futi
juu ya masikio, hadi kisogo kilipotokeza.
Bundala: sitini na moja. Akajivuna,
utadhani nimempima akili.
Luhende: hamsini na nne. Wakamwita Karanga,
na Karanga ndiye mpaka leo.

Kwa Kasanda futi ilipita juu ya kovu
na kicheko kikakatika chenyewe.
Ile ya kwanza aliinunua kubwa,
"imtoshe abiria yeyote," tena haina kifungo cha kidevuni.
Siku ya mchanga wa Kaliua, elementi ilimtangulia mtaroni,
ikakaa majanini, nzima,
haina hata mkwaruzo.

Nikapima na mikono. Mihayo alionya:
ikunjwe, kama imeshika usukani;
mkono ulionyooka humdanganya fundi,
na koti likipanda, lami hula kiwiko.

Usiku, kwake kukikaribia kucha, akatuma nyingine:
"Nimevaa thelathini leo, shingo imekufa.
Za huku zimekatwa kwa kichwa cha duara;
sisi tuna visogo. Nyingi zinanichoma paji la uso,
robo saa tu, natoka na alama kama ya sijida.
Isiyobana mashavu ni sufuria, nairudisha.
Nikitikisa kichwa, nataka ngozi iende nayo.
Na hizi stika za ubora, mama mdogo,
zinauzwa mlango wa pili, kwa karatasi nzima."

Mzigo ulishuka na treni mwezi wa nne,
maboksi yamelowa pembeni,
majina kwa wino mzito: BUNDALA, KARANGA.
Kasanda akavaa, mashavu yakamjaa mdomoni,
akasema neno tusilolielewa, akarudia:
"Inabana."
"Ibane."
Kifungo nilimfunga mwenyewe;
kidole kimoja tu kilipita chini ya kidevu.
Hakuniangalia. Alikuwa anasikiliza mle ndani,
kama mtu aliyeingia chumba akafunga mlango
na kelele za stendi zikabaki nje.

Ikabaki moja, nyekundu, si ya mtu wa kijiwe.
Ndani, kikaratasi: *Yako. Ya kupandia nyuma.*
Mimi kichwa changu sikuwahi kukituma.
Nikampigia, kipimo umekitoa wapi?
Akacheka, mitambo ikinguruma nyuma yake.
"Miaka miwili mgongoni mwako, mama mdogo,
unadhani nilikuwa naangalia nini?"

Nimeivaa. Nimetikisa. Paji likaenda nayo.
Ila imenibidi kufumua rasta zote,
na sokoni wananishika mkono, wananiuliza kwa upole
nimefiwa na nani.