Weka Tatu

Tuliitafsiri hojaji mwezi mzima, chumba cha juu,
Barabara ya Jogoo, dirisha lisilofungika.
"Uwazi," tukaandika. Dkt. Wamaitha akauliza:
uwazi wa mtu asiyeficha,
au uwazi wa nyumba iliyohamwa?
Tukanyamaza. Tukaliacha neno lilivyo.
Kwa wasiwasi hatukubishana.
Wasiwasi tulidhani tunaujua.

Kisha nikashuka Kamukunji na kalamu mbili.
Julai, baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua,
inayokaa tu juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nyundo zilikuwa zimeanza. Huko hakuna kusikilizana,
kuna kusomana midomo.

Bwana Obwaka, muundaji wa masanduku ya shule,
miaka ishirini na miwili, sikio la kushoto limestaafu,
aliketi juu ya sanduku la mteja asiyerudi.
Nikasoma: "Mimi hupatwa na wasiwasi upesi.
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa."
"Wasiwasi upi? Wa kodi, au ule wa saa tisa usiku?"
Hojaji haikuwa imetenganisha.
"Basi weka tatu."

"Mimi hupenda kuwa katikati ya watu."
Akawatazama watu, mia moja labda, wote wanagonga.
"Weka tatu."

"Kwa kawaida, mimi ni mchangamfu."
Hapo akacheka, akaipangusa nyundo kwa suruali.
"Hiyo kawaida ilihama Novemba.
Haikuacha namba ya simu."
Tatu.

Maswali arobaini na manne. Tatu, tatu, tatu,
mpaka mkono wangu ukaushika mdundo
nikawa naandika kabla hajajibu. Aibu yangu hiyo,
naikiri hapa kwa kuwa ripoti haina safu ya aibu.

Nilipofunga kalamu ndipo alipofungua kinywa.
Akanieleza habari za Nafuna, mkewe,
aliyekuwa akipaka rangi yeye akiunda,
ua la njano kwenye kila kifuniko,
petali tano, siku zote tano;
kwamba sasa anauza masanduku ya rangi moja
na wazazi hawaulizi.
Kwamba usiku huamka akihisi nyundo zimenyamaza.
"Zikinyamaza ndipo roho inapanda.
Daktari alinipa dawa ya masikio."
Sikuandika. Fomu ya ridhaa ilikuwa imemaliza kazi yake.

Juma lililofuata, mbele ya kompyuta:
mshiriki wa arobaini na saba, majibu hayabadiliki.
"Hakuwa makini," alisema Dkt. Wamaitha, si kwa ubaya;
ndiyo kanuni, nami nilifundishwa nikaifaulu.
Mstari mmoja ukafutika.
Wastani haukutikisika hata sehemu ya mia.

Sasa nikilisoma jedwali letu,
"utulivu wa hisia huambatana na ustawi," nyota mbili pembeni,
naamini. Si uongo. Watu mia mbili na kumi walisema.
Ila najua katikati ya mizani pana mtu amekaa,
mahali pasipo juu wala chini,
kama aliyejibanza kizingitini mvua ipite.

Jana nilirudi, si kwa utafiti.
Nilibeba kikaratasi chenye jina la mshauri nasaha,
yule wa Makadara asiyetoza siku ya Alhamisi.
Obwaka alikisoma polepole,
akakitia mfukoni pamoja na riveti.
"Ataniuliza maswali?"
"Atauliza."
"Yana namba?"
"Hapana."
Akafikiri. Akaokota nyundo.
Kwenye kifuniko kilichokuwa mbele yake
palikuwa na kitu cha njano,
petali mbili, au rangi imedondoka tu.
Sikuuliza.