Kaseti ya Tatu, Upande B

"Andika vita," alisema Budodi
kabla sijabonyeza kitufe chekundu.
Nikamwambia, mzee, kwenye majalada ya bomani
wameandika ghasia. Ghasia za pamba na ng'ombe.
Akakohoa. Kikohozi kimo, nakisikia
kila nikirudisha utepe nyuma.
"Hayo majalada yalitembea?
Yalivuka maji ya Busisi
na michembe imefungwa kwenye pindo la shuka?"

Nina kaseti nne katika kopo la majarini,
hapa Kirumba, juu ya kabati, panya wasifike.
Sauti saba. Mwenye pumzi amebaki mmoja.

Tulitembea siku tatu, inasema ya kwanza.
Siku tano, na mvua.
Mvua gani? Kilikuwa kiangazi,
vumbi lilitupaka rangi moja,
mwenye ng'ombe mia na mchunga wake.

Juu ya matuta hawabishani.
Fimbo ya bwana shamba ikishuka kupima kina,
tuta likipungua, faini.
Na zizi nalo lipunguzwe, amri ya serikali.
Budodi anawataja ng'ombe wa baba yake
dakika sita nzima, utepe unazunguka:
mwenye baka jichoni, mwenye pembe moja,
yule aliyezaliwa usiku wa radi,
yule aliyepelekwa mnadani
akarudi peke yake, kamba shingoni.

Mwanza walilala uwanjani
kama mizigo iliyokosa meli.
Wenyeji wa Igogo wakaleta furu wa kukaanga
(sangara alikuwa bado hajulikani)
na mtu mmoja, jina limemezwa na mkwaruzo,
alileta kiti kimoja
akasema wazee wakalie kwa zamu.

Asubuhi ikapulizwa filimbi.
"Makopo yakadondoka yakitoa moshi.
Tukasema, bomu, tumekufa.
Tukakaa kungoja kufa.
Badala yake tukalia."

Koplo Hyera nilimrekodi mwisho.
Alistaafu hapahapa, anashona miavuli sokoni;
Songea hakurudi, na hakusema kwa nini.
"Nilipewa manne. Nikarusha matatu.
Upepo wa ziwa ukageuka,
nikawa kipofu kwa amri niliyoitii mwenyewe.
Msichana akanimwagia maji usoni, kwa kibuyu.
Nilisikia sauti yake, kisha nikaona nywele zake,
zimesukwa, mistari myembamba.
La nne usiniulize."

Na Ngolo, kaseti ya tatu, upande B:
"Zima kwanza hiyo."
Nilizima. Kidole changu, naapa, kilibonyeza.
Utepe ukaendelea.
"Kulikuwa na askari anatambaa kama mtoto.
Nilikuwa na maji kwenye kopo la maziwa,
ya kaka yangu, macho yake yamevimba.
Nikamgawia yule. Sijui kwa nini.
Kaka aliona. Hakunisemesha
mpaka bendera ilipobadilika,
na siku hiyo alisema tu, chumvi iko wapi."

Kopo, si kibuyu.
Na alikuwa amenyolewa upara,
mama yake hana hata mwezi kaburini.
Nani alimsuka, Koplo?
Au kulikuwa na wasichana wawili,
watatu, foleni nzima
iliyokuwa inawaosha adui macho
na kila mmoja akanyamaza peke yake?

Koplo tulimzika Aprili.
Mwavuli wangu umebaki kwake, mbavu mbili zimevunjika.

Kesho navuka kwenda kwa Ngolo.
Siku hizi ni daraja, hata sigara haiishi,
maji yale yale yanapita chini.
Nitamwambia kwanza kuhusu utepe.
Akinifukuza, nimestahili.
Akinikaribisha, nitaomba ruhusa ya maneno yale,
na nitamuuliza lile ambalo Budodi
alilitaka mwanzoni kabisa:
bibi, niandike vita?

Namjua. Atatazama mikono yangu
aone kama nimebeba kile kinasa sauti,
halafu atauliza nimekula nini.