Mzigo Hauna Joto

Tuliruka kutoka Gulu saa saba usiku, taa zimezimwa.
Kapteni Tibenkana mbele, akitafuna buni asisinzie,
mimi nyuma, magoti yamegusa mtambo,
shingo inauma.

Kazi yangu ni kutazama joto.
Mto Aswa hung'aa: maji hushika jua la mchana
hata usiku wa manane. Mawe nayo.
Aliyetufunza alipenda kusema,
giza halimfichi mtu,
damu yake mwenyewe humchongea.

Kaskazini ya Palabek nikawaona.
Nukta nyeupe, mstari mmoja,
siafu waliohama na mayai yao.
Nikahesabu, nikarudia. Thelathini na mmoja.
Msafara, nikasema redioni, wametoka mpakani.

"Wamebeba nini?" ikauliza Gulu.

Hapo mtambo huwa bubu.
Mzigo hauna joto.
Gunia la risasi, gunia la mtama,
yote ni shimo jeusi juu ya kichwa cheupe.

Lakini njia ile naijua.
Mjomba Vuciri alinipitisha pale na tumbaku
nikiwa na miaka kumi, tukikwepa ushuru.
Kuna jiwe bapa baada ya korongo la pili
ambapo kila mchukuzi hutua,
hukojoa, hutukana miguu yake, hujitwika tena.
Hajazaliwa anayelipita.

Wakalifikia jiwe.
Wakalipita.

Mmoja alibaki nyuma. Akaketi.
Nukta mbili zikarudi, zikasimama juu yake
muda wa kufunga kamba ya kiatu,
zikaondoka.

"Zunguka tena, afande."
"Mafuta," alisema. Akazunguka.

Ile nukta ilikuwa nyeupe,
halafu kijivu, halafu kijivu cha nyasi.
Mzunguko wa tatu sikuipata.
Ilikuwa imekwisha fanana na nchi.

"Sajini Drani. Wamebeba nini?"
"Wamebebeshwa."
"Rudia."
"Wamebebeshwa, afande. Hawakutua kwenye jiwe."
"Jiwe gani?"

Fomu ina nafasi ya saa, ya mwelekeo, ya idadi.
Nikaandika thelathini.
Nikafuta, nikaandika thelathini na mmoja,
kalamu ikatoboa karatasi.

Tuliposhuka kulikuwa hakujapambazuka.
Upande wa pili wa uwanja
helikopta ilikuwa imeshawashwa,
nyasi zote zimelala.