Tanbihi ya Nne

Saa nane za usiku, Vidin imelala.
Danubi imeganda kingoni, na mimi,
ajuza wa miaka sabini na tisa,
nagombana na mtu nisiyemjua
juu ya herufi moja.

Ukurasa wenyewe mfupi: Dulevitsa, kijiji,
wakazi arobaini na wawili, kanisa moja.
Kisha sentensi inayoninyima usingizi:
"Mwaka 1951, mashamba yalipotiwa katika ushirika,
wanakijiji kumi na mmoja waliuana."

Nafuta n. Naweka w.
Waliuawa.
Nakwenda jikoni kuchemsha maji,
narudi na kikombe, n imekaa pale pale
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Anayeirudisha hujiita Mwewe wa Timok.
Ana adabu. Huniandikia "mheshimiwa mhariri",
kisha swali lile lile:
Chanzo kiko wapi?

Chanzo. Nilikuwa na miaka sita.
Mjomba Spiridon alitoka kufunga mbuzi,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi.
Malori mawili. Mama akaniziba masikio,
akasahau macho.
Lakini macho ya mtoto hayana nambari ya ukurasa
wala mwaka wa kuchapwa.

Juma lililopita kaja wa upande wa pili,
bendera kwenye jina lake, hasira kwenye kila nukta.
Aliandika w, Mungu ambariki,
kisha kumi na mmoja akawafanya mia mbili.
Mia mbili! Dulevitsa nzima, pamoja na mbuzi,
haikufika mia mbili.
Nikawarudisha kumi na mmoja, jina kwa jina,
naye akaniita kibaraka wa wauaji.
Asubuhi ile ile Mwewe alikuwa ameniita kibaraka wa mabepari.
Sijapata kuandamwa na wanaume wawili kwa pamoja
tangu usichana wangu.

Niseme na hili: Mwewe hukosea tahajia.
Usiku mmoja, katikati ya uongo wake,
aliruka herufi kubwa, nikamsahihishia.
Mkono ulikwenda wenyewe.
Akanishukuru.

Jana kaleta chanzo.
Tanbihi ya nne: gazeti la wilaya, Oktoba 1974,
ukurasa wa tatu, safu ya pili.
Sikuhitaji kulifungua.

Meza yangu ilikuwa dirishani, kalamu yangu nyekundu.
Makala ilikuja na w;
mwandishi wake, Ognyan, kijana, alikuwa hajajifunza woga.
Simu ililia mara moja. Mhariri mkuu hakusema neno,
aliweka tu kidole chini ya herufi, akangoja.
Nikaikata. Pembeni nikaandika n, kwa hati nzuri.
Huko chini Marin akachomoa moja, akapachika nyingine,
zote za risasi.
Watu kumi na mmoja, na risasi moja zaidi,
na hiyo ilitoka kwangu.

Leo nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano,
kwa jina langu lote, Tsvetana Ilcheva:
Chanzo cha nne ni mimi. Siku ile nililipwa mshahara.

Mwewe kakawia saa nzima. Kisha:
"Mheshimiwa, pole. Ushuhuda wa mhariri mwenyewe haukubaliki.
Ni kanuni."
Na ni kanuni kweli. Kanuni nzuri, hata;
bila hiyo yule wa mia mbili angekuwa bado anazidisha.
Ningekuwa Mwewe ningejibu vivyo hivyo,
ila bila kukosea "haukubaliki" mara mbili.

Ukurasa umefungwa kwa siku kumi na nne,
umefungwa na n ndani.

Ognyan yu hai, nasikia, yuko Plovdiv kwa bintiye.
Alifukuzwa kazi Novemba ile, akaondoka na sanduku la karatasi zake.
Alikuwa mtu wa kutunza nakala.
Nambari yake ninayo tangu kiangazi,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Saa hizi amelala. Kesho ni Jumapili.
Nitamwambia nini kwanza, habari za asubuhi,
au ile herufi?