Swali la Mgema Utomvu

Mwalimu Luhwago, naomba unisamehe,
mimi mgema utomvu tu wa Sao Hill,
niliishia la saba, tena kwa kusukumwa,
lakini swali limenikaba.

Mchana, ndani ya misonobari,
nikitazama mbele naona shina.
Kati ya shina na shina, shina jingine;
kwenye upenyo wa mwisho, kijiti cha mbali.
Msitu mkubwa hauachi tundu.

Sasa usiku, nikilinda ndoo zangu,
ukungu ukiwa umehamia Mufindi,
naangalia juu: nyota, halafu weusi,
nyota, halafu weusi.
Kama zile nazo hazina mwisho,
tundu zimetoka wapi?
Mbona mbingu nzima haiwaki
kama tanuri la matofali?

Ukanijibu kwa ujumbe, saa nne na nusu:
“Mzee Kasiano, mwanga nao husafiri.
Ulimwengu una siku ulipoanza.
Nyota zipo nyingi
ambazo nuru yake bado iko njiani.”

Nimeusoma mara sita.
Utomvu unadondoka kwa uvivu wa baridi,
tone. Kimya. Tone.
Kumbe usiku ni stendi ya Makambako:
mabasi yameshatoka kwao, hayajaingia.

Nimeinua tochi juu ya misonobari,
nikaiwasha, nikahesabu hadi tatu,
nikaizima, maana betri siku hizi ni ghali.
Na la pili, mwalimu, usinichoke:
zile tatu zangu
sasa hivi zimefika wapi?